Nocha ya Bomba ya Bei Nafuu: Bushi ya Bronzi, Beringi, au Kubaki na Grainda?

Bomba lililokatwa kwa mkato wa moja kwa moja, likisimamishwa juu ya mgongo wa bomba jingine la mviringo, hugusa mahali pawili tu na kuacha mianya mikubwa pande mbili zilizobaki. Fundi mwenye haraka huijaza mianya hiyo kwa vijiti vya kuchomelea, na kazi yake hutoka karakanani ikiwa na uvimbe wa chuma kwenye kila kiungo. Fundi mwenye subira huichimba ncha kwa umbo la nusu mwezi, ili ilale juu ya mwenzake kama tandiko juu ya mgongo wa punda. Nusu mwezi huo waweza kuchongwa kwa grainda, au kwa kifaa ambacho katika makala haya nitakiita nocha: fremu ndogo yenye shafti inayofungwa msumeno wa kikombe mbele na drili nyuma, pamoja na kibano cha kushikia bomba kinachogeuzwa kwenye sahani iliyochorwa nyuzi.

Nocha za bei nafuu zimeenea, na malalamiko juu yake ni yale yale: msumeno unatetemeka, unang'ata, meno yanavunjika, na nusu mwezi unatoka ukiwa mpana kuliko bomba linalokusudiwa. Mwenye nocha ya namna hiyo ana njia nne mbele yake, yaani kuivumilia ilivyo, kuirekebisha, kuiweka kando na kurudi kwenye grainda, au kununua mashine kubwa. Mimi naelekea kwenye kuirekebisha, kwa sharti kwamba fedha ziende kwenye bushi, yaani pete ndefu inayowekwa kwenye tundu ili shafti ipite ndani yake, na kwenye kibano. Beringi za kuvutia macho, ambazo wengi huzikimbilia kwanza, hazilipi gharama yake katika chombo hiki.

Ugonjwa wa nocha unaanzia wapi

Msumeno wa kikombe unapotumika kutoboa bamba huwa na keekee katikati yake, na keekee hiyo ndiyo inayoushikilia usitangetange. Kwenye nocha keekee huondolewa, kwa kuwa msumeno hutafuna ukingo wa bomba na hapana chuma katikati cha kuipokea. Kwa hiyo kazi yote ya kuuongoza msumeno inabaki kwa tundu ambamo shafti inapita, na katika nocha za bei nafuu tundu hilo mara nyingi ni chuma kitupu kilichotobolewa bila kusawazishwa, ambamo shafti ya chuma inasuguana na chuma mwenzake.

Ulegevu unaoonekana mdogo kwenye tundu hukua ukifika kwenye meno. Tuchukulie kwamba tundu limezidi shafti kwa nusu milimita, kwamba urefu wa tundu ni milimita 40, na kwamba meno ya msumeno yako milimita 60 mbele ya mwisho wa tundu. Shafti ikilala upande mmoja mpaka ikwame, kisha ikalala upande wa pili, meno yatakuwa yamehama milimita 2 nzima. Ukiacha ulegevu huo huo lakini ukarefusha tundu hadi milimita 80, uhamaji unashuka hadi milimita 1.25. Ukiliacha tundu na urefu wake wa milimita 40 lakini ukapunguza ulegevu hadi milimita 0.05, uhamaji ni milimita 0.2, na ukifanya yote mawili unabaki na takribani milimita 0.13. Hesabu hiyo inatuambia mambo matatu ambayo watengenezaji wa bei ya chini huyapuuza: tundu liwe refu, ulegevu uwe mdogo, na msumeno ukae karibu na tundu kadiri kikombe kinavyoruhusu.

Milimita 2 si jambo dogo mbele ya bomba la samani lenye ukuta wa milimita 1.5. Misumeno ya kawaida ya kikombe ina meno 4 hadi 6 kwa kila inchi, maana yake ni kwamba nafasi kati ya jino na jino ni milimita 4 hadi 6, kubwa kuliko unene wote wa ukuta wa bomba. Jino linapoingia likiwa limeyumba, ukuta hutumbukia ndani ya pengo la meno, msumeno hukwama ghafla, na nguvu ya drili huhamia kwenye kifundo cha mkono wa fundi. Aliyewahi kushika drili ya mkono wakati huo hahitaji kuelezwa zaidi.

Bushi ya bronzi ikilinganishwa na beringi

Kabla ya kuchagua cha kuweka kwenye tundu, ni lazima kukumbuka kwamba shafti ya nocha hufanya kazi mbili kwa pamoja: inazunguka, na papo hapo inateleza mbele na nyuma kadiri msumeno unavyosukumwa ndani ya bomba. Vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la beringi vimeundwa kwa kazi moja kati ya hizo mbili.

Beringi ya gololi ya kawaida, kwa mfano namba 6204 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 20, cha nje milimita 47 na upana wa milimita 14, inapatikana katika kila duka la vipuri vya pikipiki, na kwa hiyo huwa ya kwanza kufikiriwa. Inazunguka vizuri mno, lakini shafti haipaswi kuteleza ndani ya pete yake. Ukiiachia nafasi ya kuteleza, pete na shafti hukwaruzana, na baada ya muda ulegevu uleule unarudi ukiwa umevaa nguo mpya. Njia ya kulikwepa tatizo hilo ni kuweka bomba fupi la kati linalozunguka pamoja na beringi huku shafti ikiteleza ndani yake, na kipande kidogo cha chuma kiitwacho ufunguo kikizizungusha pamoja. Mtu akifika huko ameanza kuunda mashine nyingine kabisa.

Kinyume chake ni beringi za kuteleza, kama LM20UU yenye vipimo vya milimita 20 kwa 32 kwa 42, ambazo wengi wamezifahamu kupitia printa za kuchapisha vitu vya plastiki. Hizi zina safu za gololi zinazokimbia kwa urefu, na zimekusudiwa shafti inayokwenda mbele na kurudi bila kuzunguka. Ukizungusha shafti ndani yake, gololi huburutwa kwa ubavu badala ya kubingirika, na huchimba mifereji kwenye shafti. Nimeiona ikisifiwa kuwa suluhisho la nocha, na siwezi kuipendekeza.

Beringi za sindano, zile nyembamba zenye ganda la chuma kama HK2020 ya milimita 20 kwa 26 kwa 20, ndizo zenye hoja ya kweli. Hazina pete ya ndani, sindano zake hugusana na shafti moja kwa moja, na shafti inaweza kuzunguka na pia kuteleza kidogo. Ganda lake ni jembamba, kwa hiyo fremu haihitaji kutobolewa sana. Kasoro yake ni mbili. Kwanza, shafti inayokimbia juu ya sindano inatakiwa iwe ya chuma kilichotiwa ugumu, wa angalau 58 kwa kipimo cha Rockwell C, na shafti laini inayokuja na nocha ya bei nafuu itachorwa mistari mapema. Pili, chembe za chuma zinazoruka kutoka kwenye msumeno zikiingia kati ya sindano husagwa ndani kama mchanga kinywani, na nocha ni chombo kinachofanya kazi kikiwa kimezungukwa na chembe hizo.

Inabaki bushi ya bronzi, yaani ya shaba iliyochanganywa na bati, ambayo haina sehemu inayobingirika, inakubali kuzunguka na kuteleza kwa wakati mmoja, na haidai shafti iliyotiwa ugumu. Ina faida nyingine ambayo kwa karakana zetu huenda ndiyo kubwa kuliko zote: inakerezwa kwa kipimo chochote. Nocha nyingi zimetengenezwa kwa inchi, na shafti ya robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo beringi yoyote ya milimita 20 itakuwa imelegea hata kabla ya kazi kuanza. Mwenye kerezo anapima shafti uliyo nayo na kuikereza bushi kuifuata, ilhali beringi inakulazimisha ununue shafti mpya na kuikatia hesi upya.

Mpango ninaoupendelea ni huu. Tundu la fremu lipanuliwe hadi milimita 28, au kama fremu ni ya alumini ya kuyeyusha na ukuta wake hautoshi, pachomekwe bomba zito la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye sahani mpya. Ndani yake zisukumwe bushi mbili za urefu wa milimita 25 hadi 30, moja kila mwisho, zikiwa na nafasi kati yake, kwa kuwa bushi mbili fupi zilizotengana huishika shafti vizuri sawa na bushi moja ndefu na hutumia bronzi kidogo. Bushi izidi tundu lake kwa milimita 0.03 hadi 0.05 ili isizunguke, na ikumbukwe kwamba kuisukuma ndani huibana na kupunguza kipenyo chake cha ndani. Ndiyo maana kipimo cha mwisho hukatwa kwa rima, kifaa cha kusawazisha tundu kwa kipimo kamili, baada ya bushi kuingia. Rima ipite katika bushi zote mbili kwa mpigo mmoja, ili zikae kwenye mstari. Ulegevu wa milimita 0.03 hadi 0.06 baina ya shafti na bushi unatosha kuacha utando wa mafuta bila kuruhusu shafti kuyumba.

Kuna bushi za bronzi ya unga ulioshindiliwa, zenye vitundu vidogo vilivyojaa mafuta, ambazo hujipaka zenyewe. Hizo ni nzuri mahali ambapo hakuna anayekumbuka kupaka mafuta, lakini zisikatwe ovyo kwa rima, kwa maana ncha ya rima huvifunga vitundu vyake, wala zisioshwe kwa petroli. Bronzi ya kawaida iliyokerezwa kutoka kwenye kipande cha bronzi chakavu inakubali kukatwa upya, na kinachotakiwa ni tone la mafuta kila asubuhi pamoja na pete ya kitambaa cha sufu mbele ya bushi ili kuzuia chembe. Nailoni nayo hutumika, ni rahisi kukereza na bei yake ni ndogo. Hata hivyo hufura ikinywa maji na hulainika ikipata joto, kwa hiyo naiona kuwa ya muda tu.

Kibano, ambacho wengi hukisahau

Nocha yenye bushi bora na kibano dhaifu bado itakata vibaya, kwa sababu bomba likizunguka nyuzi 2 tu katikati ya kazi, sikio moja la nusu mwezi, yaani ncha yake mojawapo iliyochomoza, hutoka refu kuliko jingine. Vibano vya bei nafuu hushika bomba kwa bolti moja na bamba jembamba linalojikunja. Kuongeza bolti ya pili na kuchomelea bamba la milimita 8 au 10 ni kazi ya saa moja. Kwa mabomba membamba yanayobonyea, vitalu viwili vya mbao ngumu vilivyotobolewa kwa kipenyo cha bomba na kupasuliwa katikati hushika kuliko meno ya chuma, na haviachi alama kwenye bomba lililopakwa rangi.

Jambo jingine la kuangaliwa ni mwelekeo wa mfereji wa V unaolaza bomba. Katika mfereji wenye pembe ya nyuzi 90, kituo cha bomba la milimita 48.3 hukaa takribani milimita 10 mbali zaidi na shina la V kuliko kituo cha bomba la milimita 33.7. Mfereji ukiwa umefunguka kuelekea msumeno unakotoka, tofauti hiyo haina madhara, kwani inaongeza tu safari ya msumeno. Ukiwa umefunguka kwa upande, kila ukibadilisha ukubwa wa bomba nusu mwezi unahama kutoka katikati, na hakuna bushi inayoweza kuliponya hilo. Nocha ya namna hiyo naona heri isinunuliwe, hata kama bei yake inashawishi.

Kasi na msumeno

Msumeno wenye meno ya chuma cha kasi (HSS, chuma kigumu cha kukatia) unakata chuma laini vizuri kwa mwendo wa mita 25 hivi kwa dakika pembeni mwa meno. Kwa msumeno wa milimita 48 hiyo ni mizunguko 165 kwa dakika, na kwa wa milimita 25 ni 320. Drili nyingi ndogo za mkono huzunguka zaidi ya mara 2,000, na drili ndogo za mezani zenye kapi za hatua tano mara nyingi hazishuki chini ya 500, kwa hiyo meno yanayolaumiwa kuwa ya bandia mara nyingi yameunguzwa na kasi. Drili nzito ya mwendo wa polepole, yenye mpini wa pili, ni sehemu ya gharama za nocha, ingawa haiandikwi kwenye boksi lake.

Vipimo vya msumeno pia vinahitaji uangalifu, maana bomba la maji huitwa kwa jina lisilo kipimo chake: la inchi 1 lina kipenyo cha nje cha milimita 33.7, la inchi 1¼ ni 42.4, la inchi 1½ ni 48.3, na la inchi 2 ni 60.3. Msumeno huchaguliwa kwa kipenyo cha nje cha bomba litakalokaliwa, yaani karibu 35, 43, 48 na 60. Vikombe vingi vina kina cha milimita 38 hivi, na bomba la milimita 33.7 likikatwa kwa pembe ya nyuzi 45 linadai safari ya takribani milimita 48. Sakafu ya kikombe itagonga bomba kabla ya kazi kwisha, na itabidi usimame, uondoe kipande cha taka kwa grainda, kisha uendelee.

Grainda na karatasi

Isifikiriwe kwamba grainda ni njia ya wanyonge. Karatasi iliyokatwa kwa hesabu sahihi, ikizungushwa kwenye bomba na kuchorewa chaki, humpa fundi hodari kiungo kinachokaa vizuri, tena kwa ukubwa wowote wa bomba na kwa chombo ambacho tayari anacho. Kosa linalorudiwa ni kuchora karatasi kwa kutumia kipenyo cha nje cha bomba linalokatwa. Chukua mabomba mawili ya milimita 33.7 yenye ukuta wa milimita 2, yanayokutana kwa pembe ya nyuzi 90. Ukitumia kipenyo cha nje, masikio ya nusu mwezi hutoka na urefu wa milimita 16.9, lakini upande wa ndani wa sikio hugonga bomba la chini baada ya milimita 8.9 tu, na kiungo hukaa juu juu. Urefu wa masikio kwenye karatasi uhesabiwe kwa kipenyo cha ndani: mzingo wa nje wa milimita 105.9 ugawanywe sehemu 12 za milimita 8.8, na kuanzia mahali ambapo bomba ni fupi zaidi, katikati ya nusu mwezi, alama za urefu ziwe 0, 1.7, 6.0 na 8.9, kisha zirudi kwa mpangilio huo huo kuzunguka bomba zima. Baada ya kukata, ukingo wa nje husagwa kwa mshazari.

Hapo ndipo nocha inapoishinda grainda, kwa kuwa msumeno huweka mshazari huo wenyewe kwa kila nukta ya mzingo. Inachoacha ni masikio yaliyochongoka kama wembe, ambayo yapigwe tupa mpaka ncha ipate unene wa milimita 1 hivi, la sivyo kijiti cha kuchomelea huyayeyusha kabla ya bomba la chini kupata moto.

Kwa pembe kali sana, chini ya nyuzi 30 kati ya mabomba mawili, na kwa kiungo ambacho mabomba matatu hukutana mahali pamoja, narudi kwenye grainda bila kusita, hata nikiwa na nocha iliyorekebishwa kandoni. Kinga ya diski isiondolewe ili kufikia kona. Diski nyembamba inayobanwa ndani ya bomba ni moja ya vitu vinavyopasuka kwa urahisi karakanani.

Mashine kubwa

Zipo mashine zinazochimba nusu mwezi kwa kisu cha kusagia, na nyingine zinazosaga kwa ukanda wa msasa unaopita juu ya rola yenye ukubwa wa bomba. Zile za ukanda ni za haraka na hazijali ukuta mwembamba, lakini kila ukubwa wa bomba unadai rola yake, na ukanda huisha. Zinafaa karakana inayotoa viti vya magurudumu au vitanda vya hospitali kwa mamia, yenye kipenyo kimoja au viwili mwaka mzima. Kwa karakana ya geti leo na kibanda kesho, mashine hiyo itakaa chini ya turubai.

Nani achague nini

Anayekata viungo visivyozidi kumi kwa mwezi abaki na grainda na ajifunze karatasi. Mwenye nocha tayari, anayetengeneza reli za ngazi, fremu za mikokoteni au stendi za matangi, aipeleke kwenye kerezo aiwekee bushi za bronzi, na kibano akiimarishe mwenyewe siku hiyo hiyo. Ambaye bado hajanunua aitikise shafti kwa mkono akiwa dukani, aangalie mwelekeo wa mfereji wa V, na aulize hesi za shafti, kwa sababu misumeno ya hadi milimita 30 hutumia hesi ya nusu inchi na mikubwa zaidi hutumia ya inchi ⅝. Nocha yenye hesi kubwa pekee haitashika msumeno wa bomba la milimita 25 bila kiunganishi.

Nocha ikirudi kutoka kwenye kerezo, kata ncha moja ya bomba, liweke juu ya bomba jingine la ukubwa ule ule na upitishe mwanga wa tochi nyuma yake, kisha ligeuze nusu mzunguko na uangalie tena. Mwanga ukihama pamoja na ncha, kibano hakiko katikati. Ukibaki sawa pande zote mbili lakini ukawa mpana, msumeno bado unayumba, na bushi ipimwe upya kabla ya kulaumu jambo jingine.